Kisima cha Ilongero na Tangi la Ngazija

Wapwa zangu, ninachowaandikia hapa hamtakiamini, wala sitawalaumu. Kama angekuja mtu mwingine akaniambia kwamba Isaka Mughwai wa Ilongero, mtu ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa Manyoni, tena akarudi kesho yake kwa sababu maji ya Manyoni yalimsumbua tumbo, kwamba mtu huyo alipanda meli pamoja na ng'ombe akaenda visiwani Ngazija, ningemwambia anipishe nikalale. Lakini alikwenda. Nilikuwa naye. Na alichokifanya huko kilimrudisha akiwa mtu mwingine, mtu wa kupita vichakani ili kijana fulani asimwamkie.

Najua mnacheka. Mnasema, "Mjomba Anuari ameanza kutia chumvi." Maneno hayo nimeyazoea. Chumvi mimi naikuta imo, kazi yangu ni kukoroga tu. Shuleni nilifika darasa la sita, la saba nikaona halina jipya, nikaingia mnadani. Na huko mnadani hajatokea mpaka leo dalali anayeweza kumtazama ng'ombe akiwa bado mbali akajua mwenye ng'ombe amegombana na mkewe. Mimi naweza. Tuendelee.

Isaka ni Mnyaturu, mkulima wa uwele na alizeti, mfugaji, mtu wa kanisani kila Jumapili. Mimi ni Mwislamu wa mjini, mtoto wa dukani. Lakini baba yake na baba yangu waliuziana ng'ombe kabla sisi hatujazaliwa, kwa hiyo tulirithiana kama watu wanavyorithi shamba. Mrefu, mkavu, maneno machache. Ukimsimulia jambo la kuchekesha anangoja umalize, halafu anakuuliza, "Na ng'ombe?" Kuishi na mtu kama huyo ni mtihani kwa mtu kama mimi.

Sasa lazima niwaeleze kisima. Kipo bondeni, kilichimbwa kwa jembe na baba yake Isaka na wenzake, kimezungushiwa miiba, na kando yake kuna hori refu la gogo la kunyweshea ng'ombe. Kiangazi kikikaza, uhai wa mifugo ya upande ule wote uko pale. Kwa hiyo kisima kina adabu yake. Ukifika na ng'ombe unasimama kwenye jiwe kubwa, mbali, unaita. Huiti jina la mtu. Unaita, "Wenye maji!" Mpaka uitikiwe, husogei. Hata kama msimamizi unamwona, amekaa pale pale anakutazama huku anachokonoa meno, lazima uite, na yeye lazima aitikie.

Mara yangu ya kwanza nilimwambia Isaka, maana msimamizi alikuwa yeye, "Lakini tunaonana, bwana."

Akanitazama kama hajasikia kitu. Nikaita. Niliita kwa sauti nzuri sana, hata kina mama waliokuwa wakiteka maji waligeuka.

Mwaka mmoja kiangazi kilikuwa kibaya. Jirani yake, kijana aitwaye Gasto, alikuwa na ng'ombe jike karibu kuzaa, na zamu yake ya kunywesha ilikuwa bado. Akaja na ng'ombe yule jua likiwa utosini, watu wamejipumzisha, akasogeza miiba bila kuita, akamwingiza. Ng'ombe kwa kiu yake hakungoja hori. Alishuka na miguu ya mbele mpaka kwenye maji yenyewe, akayavuruga yakawa uji, na juu ya uji akaongeza samadi.

Isaka alipofika hakumpiga wala hakumtoza kitu. Afadhali angemtoza. Alimwambia avue, aingie kisimani na kaptula, azoe tope kwa mikono mpaka maji mapya yachuruzike. Kisha akapanda kwenye lile jiwe akaita watu waje waone. Watu wakaja. Katika waliokuja alikuwemo mama yake Scholastika, mkewe Gasto. Mama mkwe! Kule kwao mkwe hata kumkazia macho ni shida, sembuse kumkuta na kaptula iliyolowa tope mpaka kifuani. Mama yule alifunika uso kwa kanga akaondoka na ndoo tupu.

Gasto alisema neno moja tu, akiwa shimoni. "Mzee Isaka, ng'ombe alikuwa anakufa."

"Hata akifa," Isaka akamjibu. "Mdomo ulikuwa nao. Ungeita."

Tangu siku ile Gasto hakukanyaga tena kisimani. Ng'ombe wake akawa anawapeleka bwawa la mbali, wanatoka asubuhi, wanarudi jioni, mbavu unazihesabu ukiwa barabarani. Lakini adabu hakuiacha. Kila akikutana na Isaka, "Shikamoo, mzee," anasema, macho yake kwenye vidole vya miguu. "Marahaba," Isaka anaitika, anapita kifua mbele. Watu wakamsifu Isaka. Hata mimi nilimsifu. Kisima chenye mwenyewe, tulisema.

Basi ukaja wakati wa ruksa. Ninyi mmezaliwa mkakuta sabuni dukani, mnadhani sabuni ilikuwepo siku zote. Sisi tulipanga foleni kwa kipande cha mche, tena ukifika dirishani unaambiwa imekwisha, imebaki dawa ya mbu. Mara milango ikafunguliwa, na kila mwenye miguu akawa mfanyabiashara. Mitumba ikaingia, redio zikaingia, mtu aliyekuwa akiuza vitunguu stendi akaanza kuongea habari za ng'ambo kama anaongea habari za kijijini Sepuka, hapa jirani. Mimi nikasikia Dar es Salaam kwamba Ngazija wanataka ng'ombe. Kule mtu akifunga ile ndoa yao kuu lazima mji mzima ule ushibe, na ng'ombe wao hawatoshi, wanaagiza.

Nikasema, hiyo ni kazi ya Anuari. Kwanza babu yangu alikuwa Mngazija. Alifika Singida na mzigo wa nguo begani, akaoa Mnyaturu, akasahau njia ya kurudi. Nilijiona kabisa nikiteremka melini, wazee wamejipanga, wananililia mikononi, mtoto wetu amerudi.

Lakini ng'ombe wanataka mchungaji, na mimi mikono yangu ni ya kuonyesha ng'ombe, si ya kumkamua. Nikamwendea Isaka. Alikubali kwa sababu moja: katika kundi nililonunua kulikuwa na madume yake, na mojawapo, Jeusi, alilikuza kwa mkono wake tangu likiwa ndama lililofiwa na mama. Hakutaka liende mpaka mwisho wa safari na watu wasiojua jina lake.

Luciana, mkewe, alinisindikiza mpaka njiani. "Shemeji Anuari, nakujua," akasema. "Unirudishie huyu mtu kama alivyo."

Nikamwapia.

Tulipakia lori mpaka Manyoni, tukapanda behewa mpaka Dar es Salaam. Pale bandarini mabaharia walikaa tayari kumcheka mtu wa bara anayeiona bahari kwa mara ya kwanza. Isaka aliinama kwenye ngazi za gati, akachovya kidole, akaonja, akatema.

"Ni Kindai," akasema. "Imekuwa kubwa tu."

Kindai ni ziwa letu la chumvi pale mjini, kwa asiyefika. Mabaharia hawakucheka. Nilicheka mimi peke yangu, kwa fahari.

Meli ile ilikuwa mzee kuliko nilivyoambiwa. Baharini injini ikasimama, ikatengenezwa, ikasimama tena, na maji ya kunywa yakaanza kupimwa. Watu kikombe, ng'ombe ndoo nusu. Isaka alikuwa anachukua kikombe chake, anakitazama, anampa Jeusi. Mimi changu nilikunywa, maana mtu mmoja lazima abaki na akili. Mchana nilimkuta amesimama ukingoni, ameyakazia macho maji yale yote, buluu mpaka mbinguni.

"Yote haya," akasema, "na hakuna ya ng'ombe hata tone moja."

Ndipo asubuhi visiwa vikatokea. Kwanza niliviona kama mawingu yaliyoketi juu ya maji. Kisha wingu moja likawa mlima, mkubwa, kichwa chake kwenye ukungu, na mwili wake wote ni kijani. Si kijani hiki chetu cha mwezi wa pili kinachoomba radhi. Kijani cha kufura. Minazi, migomba, mishelisheli, na harufu ya maua ya milangilangi ikatufikia kabla ya nchi kavu yenyewe, tamu, kama mwanamke amepita. Chini ufukweni mawe meusi kama masizi. Baharia akanionyesha kwa mbali visiwa vingine, Mwali na Nzuwani, vimelala kwenye ukungu kama ndama wa kisiwa kile kikubwa.

Isaka alitazama migomba muda mrefu. "Anuari," akasema, "watu hawa hawajui kiangazi."

Ng'ombe waliteremshwa kwa winchi, mmoja mmoja, mkanda tumboni, miguu inaning'inia hewani, mpaka kwenye tishari, chombo bapa cha kupelekea mizigo pwani. Isaka alimshika kila mmoja kichwa akimwongelesha Kinyaturu. Tukakwea nao mpaka kijiji kimoja cha mlimani, jina lake naliacha kwa heshima. Alitupokea Mzee Abdulmajidi, mjomba wa bibi harusi, aliyewahi kuishi Unguja, Kiswahili chake kitamu mpaka na mimi nikaanza kubana midomo nikiongea. Ng'ombe wakaingizwa uani kwa dada yake, Mama Radhia, mama wa bibi harusi mwenyewe. Kule nyumba ni ya mwanamke, wapwa, mwanamume ni mtu wa kuingia na kutoka.

"Maji ya ng'ombe yatakuja," Abdulmajidi akamwambia Isaka. "Ngoja hapa kidogo. Wanawake wamekwenda kuyakusanya."

Kisha akanishika mkono, tukaenda barazani kwa wanaume. Nilipewa kahawa, nikapewa mkeka mzuri, nikaulizwa ukoo wangu. Nikataja jina la babu. Wakatazamana. Nikataja kijiji alichotoka. Mzee mmoja akauliza kwa upole kama nina hakika, kwa sababu kijiji hicho kipo Nzuwani, kisiwa kingine kabisa. Nikasema babu alikuwa mtu wa kutembea.

Nikaona nibadilishe mazungumzo. Nikawasifia mvua zao na majani yao. Abdulmajidi akacheka bila furaha. "Mvua tunayo, bwana Anuari. Maji hatuna. Kisiwa hiki hakina hata mto mmoja. Mlima wetu ni jiwe lenye matundu kama chekeche, mvua ikinyesha linaimeza yote. Tunakunywa yale tuliyoyadaka kwenye paa tu. Dada yangu amedaka tangu masika. Tangi lake lile hajaligusa, yeye na watoto wake wanakunywa kwa majirani, ili siku ya harusi aweze kupikia mji."

"Kwetu Singida," nikasema, nikajinyoosha, "tuna maziwa mawili, katikati ya mji."

"Mashaallah. Ya maji matamu?"

"Ya... maji."

Walikuwa wangali wanacheka niliposikia sauti ya mwanamke kutoka upande wa nyumba ya Mama Radhia. Haikuwa kelele ya ugomvi. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeona kitu akasahau jina lake.

Yaliyotokea uani nilisimuliwa na Isaka mwenyewe baadaye, melini, tukirudi. Alingoja. Alingoja vizuri tu, hata yeye anasema alingoja. Lakini Jeusi lilipiga magoti. Ulimi nje, mkavu, una rangi ya jivu. Nyuma ya nyumba aliona ukuta mfupi wa mawe na chokaa, unafika magotini, umefunikwa bati. Akainua bati moja. Maji yamejaa mpaka mdomoni, safi, akajiona sura.

"Ulidhani ni hori?" nilimuuliza.

"Hapana. Hori halifunikwi. Maji yaliyofunikwa ni ya mtu. Nilijua."

"Sasa?"

Aligeukia bahari.

"Niliona majani," akasema. "Mabichi, kila upande, yanadondosha umande mchana. Nikasema moyoni, watu wenye majani kama haya watanuna kwa maji? Nikaondoa bati zote. Mdomo nilikuwa nao, Anuari."

Ng'ombe walijitupa. Walikunywa wakisukumana, na Jeusi, lililokuwa limepiga magoti, likainuka, likapata nguvu ghafla, likaingiza miguu ya mbele, halafu ya nyuma, likasimama ndani ya tangi la watu mpaka tumboni, likanywa, likanya humo humo.

Nilipofika pale na wazee, Isaka alikuwa ameshika pembe za Jeusi anajaribu kulitoa. Mama Radhia alikuwa ameketi juu ya jiwe. Mwanamke mnene, wa rika letu, uso umepakwa dawa ya msandali, amevaa leso mpya kwa ajili ya sherehe. Ndoo za wenzake zilikuwa chini, zenye maji kidogo kidogo, yale ya ng'ombe, waliyokwenda kuyaomba nyumba kwa nyumba.

Wapwa, nimeshaona watu wakitukanwa. Mimi mwenyewe nimetukanwa katika minada yote kuanzia Singida mpaka Iramba, na nilinenepa. Nilijiandaa. Isaka naye alijiandaa, nilimwona ameinamisha kichwa kama mtu anayengoja fimbo. Mama Radhia akasema maneno machache kwa Kingazija. Abdulmajidi akatafsiri, sauti yake imepungua.

"Anauliza, wamekunywa wote?"

"Bado watatu, mama," Isaka akasema.

Mama Radhia akatikisa kichwa kukubali. Abdulmajidi akatafsiri tena: "Anasema, basi nao wanyweshe. Maji yenyewe sasa ni yao."

Hilo tu. Akainuka, akajifunga leso kiunoni, akatoka nje ya ua. Baada ya muda kidogo tukaanza kuwaona wanawake wa kijiji wakipita na ndoo, kila mmoja kutoka kwenye tangi lake, wanamimina kwenye masufuria ya harusi. Na kila aliyepita alimsalimia Isaka. Alikuwa mgeni, wangeachaje kumsalimia mgeni?

Isaka alimwomba Abdulmajidi ndoo. Akataka kulikausha tangi na kulisugua yeye mwenyewe, peke yake. Akavua shati, akavua suruali, akabaki na kaptula, akaingia. Mimi ningeingia naye, Mungu shahidi, lakini nilikuwa na kanzu nyeupe.

Ndipo Mama Radhia akarudi. Alipomwona mgeni yumo ndani ya tope na kaptula alirudi nyuma haraka, akageuza uso. Nikamsikia akiwaambia jambo wenzake, na wanawake wote wakazunguka njia nyingine, nyuma ya nyumba ya jirani, njia ndefu, na ndoo kichwani. Kisha akafungua leso ile mpya kiunoni mwake, akabaki na ya ndani, akanyoosha mkono bila kutazama, akaitundika kwenye kamba mbele ya tangi. Pazia. Ili mgeni asionekane.

Nilimsikia Isaka akisugua nyuma ya leso ile. Mara akaacha kusugua. Nikamwita, "Isaka?" Akaanza tena kusugua, kwa nguvu kama anayetaka kuondoa jiwe lenyewe.

Karamuni walimkalisha mbele. Mimi, mjukuu wa Ngazija, nilikalishwa baada yake. Mama Radhia alimletea kikombe cha maji kwa mkono wake mwenyewe, maji safi, ya tangi la sijui nani. "Kunywa, mgeni," alisema, Kiswahili hicho alikijua. Isaka alikishika kikombe mpaka pilau ikapoa. Jeusi tulikuwa tunalila wakati huo, na yeye hakula wala hakunywa. Alipoaga, Mama Radhia alimpa zawadi ya kumpelekea mkewe. Ilikuwa leso ile ile, imefuliwa, imekunjwa.

Melini usiku mmoja tu aliniongelesha, ndipo aliponisimulia yale ya uani. Mwishoni akasema, "Mimi nilimwita mama mkwe wa Gasto."

"Hukumwita," nikamwambia. "Alikuja na ndoo yake."

"Niliita watu, Anuari. Yeye si mtu?"

Basi mimi niliporudi Singida nilirudi mtu mkubwa. Kila kijiwe cha kahawa kilinitaka. Nikawaambia kuhusu mlima unaovuta sigara, nikawaambia ng'ombe wa Ngazija hupanda minazi wakashuka na madafu, nikawaambia wazee walinililia mikononi, Anuari wetu amerudi. Watu walicheka mpaka wakamwaga kahawa. Habari ya tangi niliiacha. Niliona si ya kijiweni.

Ilongero nako mambo yakawa mengine. Isaka aliacha usimamizi wa kisima bila kutoa sababu. Wazee walimfuata, akasema mgongo unamuuma. Akiwa njiani na akimwona Gasto kwa mbali anakuja na ng'ombe wake wenye mbavu, anaingia vichakani, anangoja apite. Mtu mzima, mwenye mvi, amechuchumaa kwenye miiba akikwepa shikamoo. Nilimfumania humo siku moja nikiwa na baiskeli.

"Umepoteza nini?" nikamuuliza.

"Nyamaza, atakusikia."

"Akisikia?"

"Ataniamkia," akasema. "Nami nitasema marahaba. Nitaisemaje?"

Na Luciana alikuwa akijitanda leso ile kila akienda kisimani, kwa sababu ilikuwa nzuri, na wanawake walimwonea wivu. Isaka kila akiiona aligeuza uso. Hatimaye Luciana aliniita. Alinipa uji, akangoja ninywe, akasema, "Shemeji, umenirudishia nani?"

Nikamweleza, safari hiyo bila kukoroga. Alisikiliza amekamata pindo la leso. Nilipomaliza akaivua, akaikunja, akaiweka magotini.

Isaka alikuwa mlangoni. Sijui alisimama hapo tangu lini.

"Basi nenda kwa Gasto," Luciana akamwambia, wala hakugeuka.

"Hataniamini," Isaka akasema. "Ataona nimekuja kumdhihaki mara ya pili. Huyu hapa ameshautangazia mji mzima kwamba Ngazija ng'ombe wanaangua madafu. Nikitaja Ngazija tu, atacheka. Na akicheka, mama, nimekwisha. Sitaweza kurudi kusema mara mbili."

Wote wawili wakanitazama. Wapwa, mimi si mtu wa kuona haya, mnanijua. Siku ile niliona haya.

"Nitakuja niwe shahidi wako," nikasema.

"Utakuja," Isaka akasema. "Lakini utasema neno moja. Nikimaliza, Gasto akikuuliza kama ni kweli, utasema ndiyo."

"Neno moja?"

"Moja."

Tulikwenda asubuhi, kabla Gasto hajawatoa ng'ombe. Nyumba yake iko pembeni ya mashamba ya alizeti. Nilitaka niingie moja kwa moja nipige hodi, Isaka akanishika mkono. Alisimama mbali, pale njia inapoanza, mikono ubavuni, akaita.

"Wenye maji!"

Nyumba ile haina kisima, haina hata mtungi wa kutosha. Scholastika akachungulia, akarudi ndani. Isaka hakusogea. Akaita tena. Gasto akatoka na fimbo yake ya kuchungia, akasimama, akatutazama, hajui kama aitikie au akimbie.

"Karibuni," akasema mwishoni. Tukasogea. Akainamisha macho kwenye vidole vyake. "Shikamoo, mzee Isaka."

Isaka alifungua mdomo. Marahaba haikutoka. Alijaribu tena. "Gasto," akasema, "nimekuja kwa habari ya kisima. Yaani, ya maji. Kule tulikokwenda..." Gasto akangoja. Ng'ombe zizini wakaanza kulia, wanataka kutoka. Jasho lilimtoka Isaka asubuhi ile ya baridi, na mikono yake, mikubwa vile, ikawa inatafuta mahali pa kukaa.

Wapwa, mngekuwa ninyi mngefanyaje? Ni rafiki yangu. Nilimwona anazama nchi kavu. Neno langu moja halikutosha.

"Gasto, mwanangu, keti," nikasema. "Anachotaka kukwambia mzee ni hiki. Kule Ngazija, ambako babu yangu alikuwa karibu sultani, kuna tangi kubwa kama hili ziwa Singida, na madume yetu, sitini, sabini, yalipatwa na wazimu wa bahari..."

Gasto aliinua macho. Pembe za mdomo wake zikaanza kucheza. Nikaona nimempata, nikaongeza mwendo.

"... yakakata kamba, yakabomoa ukuta, hakuna mwanadamu wa kuyazuia, na mzee Isaka hapa, msimamizi wa maji, mtu wa adabu, alipanda juu ya jiwe akaita. Aliita, Gasto! Aliita mpaka mlima ukaitikia, kisiwa cha pili wakamsikia wakauliza nani anaita, aliita mpaka sauti ikamkauka na damu ikaanza kum..."

"Sikuita," Isaka akasema. "Dume lililoingia majini lilikuwa moja, Gasto. Na sikuita."